Jengo la Kumbukumbu ya Nani?

Wadau, leo mnivumilie. Najua wengi mnaopita hapa kijiweni mmezoea niandike habari za mahakamani na za vikao vya madiwani, lakini kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, na nisipolitema litanipalia.

Chuo nilichosoma (jina naliweka kapuni, wenyewe mnajijua) kina kamati ya wahitimu inayotaka kujenga jengo la kumbukumbu. Kadi za mchango zimeanza kuzunguka kwenye simu kama zinavyozunguka za harusi. Yangu imenifikia mara tatu, kutoka kwa watu watatu tofauti, na wote wameniuliza swali lile lile: "Mwandishi, wewe tukuandike ngapi?"

Nasema mapema ili tusipotezeane muda. Kwa masharti yaliyomo kwenye ile kadi, mimi sitoi hata shilingi mia. Na nawaomba wenzangu nanyi msitoe mpaka maswali yatakayofuata hapa chini yajibiwe. Msinielewe vibaya. Jengo nalitaka, tena nalitaka sana. Ningekuwa silitaki nisingehangaika kuandika, ningeifuta kadi na kuendelea na shughuli zangu kama walivyofanya wengi.

Kadi yenyewe inasema nini? Inasema kuna ngazi tatu za wachangiaji. Ukitoa milioni tano wewe ni wa dhahabu, jina lako litachongwa ukutani pembeni ya mlango mkuu. Ukitoa milioni mbili wewe ni wa fedha, jina lako litawekwa ndani ya ukumbi. Laki tano ni shaba, jina lako litabandikwa kwenye kiti. Chini ya laki tano umeandikiwa sentensi moja tu, kwamba mchango wako utathaminiwa. Basi, imeisha hiyo.

Nimeisoma mara nne nikitafuta kitu kimoja. Kumbukumbu ya nani? Hakuna. Picha ya mchoro wa jengo ipo, namba ya kutuma pesa ipo, majina ya wajumbe wa kamati pamoja na vyeo vyao vyote yapo. Jina la marehemu hata mmoja halipo! Yaani tunajenga jengo la kumbukumbu ambalo wanaokumbukwa wote wako hai, wanakula, wanakunywa na wana milioni tano za akiba. Jamani, tangu lini mtu akajiandalia matanga yake mwenyewe na kutoza watu kiingilio?

Labda kamati itasema marehemu ni wengi, haiwezekani kuwaandika wote. Sawa, ni wengi. Kila mwaka wa masomo una marehemu wake. Darasa letu lilizika watatu kabla hatujavaa joho. Mmoja tulikuwa naye chumba kimoja, watu sita kwenye chumba cha wanne, kubebana kama kawaida. Alifariki mwaka wa pili. Baba yake alikuja kuchukua sanduku na godoro, akatuuliza kama kuna mahali pale chuoni jina la mwanawe limeandikwa, apaone kabla hajarudi kijijini. Tulikosa cha kumwonyesha, maana hata kwenye karatasi ya mahudhurio lilikuwa limeshakatwa. Ukiniambia jengo la kumbukumbu, mimi namfikiria mzee yule. Namfikiria na mhadhiri wetu aliyekuwa akisahihisha tasnifu zetu akiwa kitandani hospitali, na wapishi na walinzi waliotumikia chuo miaka thelathini wakazikwa kwa rambirambi ya sanduku la kupitisha mkononi. Hao ndio watu wa kuchongwa ukutani.

Sasa wale wanaopenda kutuambia "wenzetu walioendelea wanafanya hivi", ngoja nami niwaonyeshe wenzetu wamefanya nini. Tuanze na Harvard, Marekani, chuo ambacho wapenda ngazi za dhahabu hawaishi kukitaja. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipokwisha mwaka 1865, wahitimu wa Harvard waliunda kamati na kuchanga wajenge jengo la kuwakumbuka wenzao waliokufa wakipigania upande wa Muungano. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1870. Jengo linaitwa Memorial Hall na lipo mpaka leo. Ukiingia katikati yake unakuta majina 136 ya waliokufa, yamechongwa kwenye mawe ya ukutani, mahali ambapo kila anayekwenda kula au kusikiliza mhadhara lazima apite. Ndiyo, lina ukumbi wenye jina la mfadhili, mhitimu mmoja aitwaye Charles Sanders aliyeacha pesa kwenye wosia wake. Sikatai mtoaji kushukuriwa. Ila angalia mpangilio: wafu wako katikati, mfadhili yuko pembeni. Na ubishi ambao jengo lile limewaletea Wamarekani ni kwamba wahitimu waliokufa wakipigana upande wa Kusini, upande uliotetea utumwa, hawakuandikwa. Unaona? Wenzetu wanabishana ni marehemu gani aandikwe. Sisi tunabishana nani kakaa karibu na mlango.

Tuje karibu na nyumbani. Mwaka 1898, baada ya majeshi ya Uingereza kuiteka Sudan, Kitchener aliwaomba Waingereza wachange pauni 100,000 kujenga chuo Khartoum kwa kumbukumbu ya Jenerali Gordon aliyeuawa mjini humo mwaka 1885. Pesa zilipatikana haraka, na chuo kikafunguliwa mwaka 1902 kwa jina la Gordon. Wenye nchi hawakuulizwa wao wangependa kumkumbuka nani. Aliyetoa pesa ndiye aliyechagua kumbukumbu. Matokeo yake nini? Sudan ilipopata uhuru mwaka 1956 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Khartoum, na Gordon akabaki kwenye vitabu vya historia. Kumbukumbu uliyowabandikia watu kwa nguvu ya pesa inabanduka siku mwenye pesa akiondoka.

Halafu kuna Nairobi. Mahatma Gandhi alipouawa Januari 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walianza kuchanga ili wajenge chuo cha kumkumbuka. Wangeweza kung'ang'ania kujenga cha kwao peke yao na kufunga geti. Badala yake mwaka 1954 mfuko wao uliunganishwa na chuo cha ufundi kilichokuwa kinajengwa na serikali ya kikoloni, chuo kilichokusudiwa kupokea vijana wa rangi zote katika nchi ambayo shule zake zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956, na mwaka huo huo sanamu ya Gandhi ikazinduliwa pale. Chuo hicho ndicho leo Chuo Kikuu cha Nairobi. Wale wenye maduka waliotoa mchango wao, wakubwa kwa wadogo, leo hakuna mwanafunzi anayewajua. Lakini wamesoma humo vijana wa kila kabila na kila dini, na Gandhi bado anajulikana kwa nini yuko pale. Hayo ndiyo ninayoyaita makumbusho.

Haya, tuingie kwenye hoja ya kamati, maana nao wana hoja na si haki kuikalia kimya. Wanasema tatizo ni sisi wahitimu. Eti Watanzania hatuna utamaduni wa kuchangia elimu, tunachangia harusi na kipaimara tu, kwa hiyo bila kumwekea mtu jina lake ukutani hatoi kitu. Wanasema ngazi za dhahabu na shaba ni dawa ya ubahili wetu.

Nakataa, na sababu ninazo mbili.

Kwanza, mhitimu wa kawaida aliyesoma kwa mkopo tayari anachangia, tena kwa lazima. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kurudisha mkopo wa Bodi, kutoka asilimia 8 ya zamani. Mwenye mshahara wa milioni moja, laki na nusu inaondoka kabla hajaiona, na pesa ile inatakiwa iwasomeshe wadogo zake walioko chuoni sasa. Mwalimu wa sekondari kule Tandahimba anayekatwa hivyo kila mwezi, halafu umtumie kadi inayomwambia kwamba chini ya laki tano hana jina, umemtukana. Usimwite bahili. Yeye amekuvumilia tu.

Pili, hebu tujiulize kwa nini tunachangia harusi. Kila mtu analaumu harusi lakini hakuna anayetaka kujifunza kutoka kwake. Kwenye harusi unajua unamchangia nani. Unajua tarehe. Kuna kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila kikao mweka hazina anasimama anasoma: ahadi kiasi gani, taslimu kiasi gani, tumeshalipa ukumbi, tumeshalipa chakula, bado mapambo. Aliyetoa elfu ishirini yupo kwenye orodha ile ile na aliyetoa milioni. Na shughuli ikiisha kuna kikao cha kuvunja kamati, watu wanakunywa soda, wanaelezwa kilichotumika na kilichobaki mpaka senti ya mwisho. Mbongo hachangii kwa sababu anapenda pilau. Anachangia kwa sababu ameona hesabu, na kwa sababu anajua kesho ikiwa zamu yake naye atachangiwa.

Sasa niambie, kamati yetu ya jengo imesoma hesabu lini? Hii si mara ya kwanza wahitimu wa chuo chetu kuchangishwa. Kuna mwaka tulichangishwa kwa ajili ya maadhimisho, tukatoa, maadhimisho yakafanyika, fulana zikagawiwa, na mpaka leo hakuna aliyeitwa kwenye kikao cha kuvunja kamati. Simtuhumu mtu wizi. Sina ushahidi na sitaandika nisichokuwa na ushahidi nacho. Nasema tu kwamba hesabu haikusomwa, na mtu ambaye hakusoma hesabu ya jana hana ubavu wa kunilaumu nikishika mfuko wangu leo.

Tuendelee. Tuseme pesa zimepatikana. Tunajenga nini? Mchoro unaonyesha ukumbi wa mikutano wa kifahari wenye viti vya kuzunguka na ghorofa ya wageni mashuhuri. Wageni mashuhuri! Katika chuo ambacho mwanafunzi wa kike analipa chumba uswahilini na kurudi usiku kwa miguu kwa sababu hosteli zimejaa. Katika chuo ambacho sehemu ya kusomea yenye uhakika ni vimbwete chini ya miti, na mvua ikinyesha somo limekwisha.

Kwa kipimo, chukueni mfano wa hosteli zilizojengwa na serikali pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuzinduliwa na Rais Magufuli Aprili 2017. Majengo 20, nafasi za wanafunzi 3,840, gharama iliyotangazwa shilingi bilioni 10. Najua zilisemwa mengi zilipoonekana nyufa mwishoni mwa mwaka ule, na ni haki kusemwa. Mimi nachukua hesabu tu. Gawanya bilioni 10 kwa 3,840 unapata kama milioni 2.6 kwa kitanda. Hiyo ni bei ya wakati ule, leo vifaa vimepanda, lakini hata uzidishe mara mbili bado darasa la wahitimu 40, kila mmoja akitoa laki na elfu thelathini, linajenga kitanda kimoja. Kitanda ambacho mtoto wa mtu atalala kwa miaka hamsini bila kubebana. Ukutani juu ya kitanda hicho andika jina la mwenzetu aliyefariki kabla hajamaliza. Kila mwaka mtoto mpya anaingia, anasoma jina, anauliza huyu alikuwa nani. Kwangu hiyo inatosha kuwa jengo la kumbukumbu.

Na msiseme wahitimu hatuna uwezo huo. Oktoba 25, 1961, kabla hata bendera ya Uhuru haijapanda, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini wa sheria. Chama cha wakulima na makuli kiliwapisha wasomi kwenye jengo lake. Miaka 57 baadaye, Novemba 2018, pale Mlimani ilizinduliwa maktaba mpya yenye uwezo wa kukaliwa na watu zaidi ya elfu mbili kwa wakati mmoja. Imejengwa kwa msaada wa nani? China. Naishukuru China, maktaba ni nzuri. Lakini chuo ambacho kimetoa marais, majaji, mawaziri na wakurugenzi wa benki wasiohesabika kilisubiri maktaba kutoka Beijing. Babu zetu wasiojua kusoma walitoa jengo, wajukuu wenye shahada tatu tunatoa hotuba.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake kuhusu msomi: ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki kijijini chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Akila akatokomea, huyo ni msaliti. Mfano huo unatuhusu sote, mimi nikiwemo. Ila kuna jambo jingine la Mwalimu ambalo wachangishaji hulisahau. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Siku ile ile Mwalimu, aliyekuwa anawataka vijana wajitolee, alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kubishana naye kuhusu kuwafukuza, na wengi wamebishana. Lakini huwezi kusema aliomba kwa wengine kitu ambacho yeye hakutoa. Wazee wetu wa kamati, shikamooni. Kadi yenu ina vyeo vyenu vyote. Mbona haina mlichotoa?

Jambo la mwisho ni matunzo, na hapa ndipo majengo mengi ya kumbukumbu huugua. Mnara wa lile jengo la Harvard uliungua mwaka 1956. Ulirudishwa mwaka 1999. Chuo tajiri kuliko vyote duniani kilikaa miaka 43 na mnara uliokatika kichwa! Makerere, jengo kuu la mwaka 1941, lile ambalo Nyerere na Kibaki na Mkapa walilipita wakiwa vijana, liliungua usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, na lilifunguliwa upya mwaka 2024 kwa pesa za serikali ya Uganda. Hao ni wakubwa. Sisi kadi yetu haina hata mstari mmoja wa matunzo. Nani atapaka rangi mwaka wa kumi? Nani atalipa umeme wa hivyo viyoyozi? Tusipoweka mfuko wa matunzo pembeni tangu shilingi ya kwanza, tutakuwa tumejenga gofu la kisasa.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya, na naamini si yangu peke yangu:

1. Orodha ya wanaokumbukwa itoke kwanza, kabla ya orodha ya wachangiaji. Kila darasa liandike marehemu wake, walimu na wafanyakazi wa ngazi zote wamo.

2. Ngazi za dhahabu, fedha na shaba zifutwe. Wachangiaji waandikwe kitabuni kwa alfabeti, wa elfu kumi na wa milioni kumi ukurasa mmoja.

3. Hesabu zisomwe kila baada ya miezi mitatu, tukianza na hesabu za yale maadhimisho ya zamani, na benki iwe na watia saini wasiopungua watatu, mmoja wao awe mhitimu kijana.

4. Jengo liwe la kulala au la kusomea. Mikutano ina hoteli zake.

5. Sehemu ya kila mchango iende moja kwa moja kwenye mfuko wa matunzo.

6. Wajumbe wa kamati waanze wao kutoa, na watangaze.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa nina wivu, natafuta umaarufu, waandishi kazi yetu kuponda. Mwenye kusema hivyo aniambie kwanza sharti lipi kati ya hayo sita ni baya. Na nyie mliokuwa mnatafuta kisingizio cha kutotoa, msijifiche nyuma yangu. Kwenye hili mimi na nyinyi hatuko timu moja. Masharti yakitimizwa natoa laki moja na thelathini siku hiyo hiyo, na nitawapigia simu mmoja mmoja kuwauliza zenu ziko wapi.

Mjumbe yeyote wa kamati akitaka kujibu, ukurasa huu ni wake. Nitachapisha jibu lake lote bila kupunguza nukta wala mkato. Na wewe uliyesoma pale, usisubiri kamati. Kaa na wenzako wa darasa lenu leo jioni muandike majina ya mliowazika. Andikeni majina kamili, mwaka, na walikuwa wanasomea nini.

Nawasilisha.